Magonjwa Makubwa ya Mbwa na Paka (2): Maji Si Kipimo cha Kichaa

Ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hutibika mbwa akiwahishwa kwa daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa ni habari nyingine: dalili zikishajitokeza, hakuna dawa ya kumponya mbwa wala paka, na binadamu naye karibu hana njia ya kupona. Kuzitambua dalili mapema ni kwa ajili ya kuwaokoa watu waliomzunguka mnyama, na hapo ndipo tunapopotoshwa na imani kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu, ambaye koo humkaza kwa maumivu kila ajaribupo kumeza. Mbwa mgonjwa anaweza kuingia ziwani hapa Kigoma, pale Kibirizi au Katonga, na kuinamia maji kama wenzake. Cha kuangalia ni tabia iliyogeuka: mpole anauma hata vijiti na mawe, sauti ya kubweka inakwaruza, anatangatanga mbali na kwao. Paka hujificha gizani, kisha humrukia mtu bila kuchokozwa. Wa kuhofiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mbwa asiyeuma kabisa. Taya la chini limelegea, udenda unamtiririka, hamezi kitu. Katika mji wa dagaa na migebuka, mwenyewe hudhani mwiba umemkwama kooni, akaingiza mkono kuuchomoa. Virusi vimo ndani ya udenda huo, na mchubuko mdogo kidoleni unatosha.

Wako wanaosema dawa ni kuwaua mbwa wazururaji. Hoja hiyo inaeleweka mtoto akishaumwa, lakini haizuii ugonjwa: waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao huzibwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote. Pemba ilifanya hivyo, kichaa kikatoweka. Kiliporudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, chanjo ikakiondoa tena. Ujiji na Kigoma, zenye boti za Kongo na Burundi, hazina budi kuchanja kila mwaka.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Mbwa au paka aliyeuma asiuawe ovyo; afungwe, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusitisha sindano zilizosalia.