Picha Unayojipiga, Unampelekea Nani?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ukimwambia ajipige picha yenye hisia, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama husimama wima mbele ya ukuta mweupe, masikio yote mawili nje, mdomo umefumbwa, utadhani picha inakwenda kubandikwa kwenye fomu ya kujiunga na chuo. Ama hushika shavu, akainamisha kichwa na kujivisha huzuni ambayo dakika moja kabla hakuwa nayo. Wa kwanza amelelewa na picha za pasipoti. Wa pili amelelewa na simu. Simlaumu yeyote, maana hizo ndizo picha za watu alizoziona tangu utotoni. Lakini somo langu huanzia pale anapoziacha zote mbili, na swali ninalomuuliza kwanza halihusu kamera kabisa. Namuuliza: picha hii unampelekea nani?

Swali hilo nimelipata kwa Samuel Fosso, na kila mwaka nawasimulia wanafunzi wangu habari zake upya.

Fosso alizaliwa mwaka 1962 huko Kumba, Kamerun, akalelewa na babu na bibi yake katika nchi ya Waigbo, mashariki mwa Nigeria. Alipokuwa mchanga alikuwa amepooza, na mwenyewe amesimulia kwamba hakupigwa picha ya uchanga kama watoto wengine, kwa kuwa nyumbani waliona ni kupoteza fedha. Baada ya vita vya Biafra, jamaa yake alimchukua wakaenda kuishi Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko alijifunza kazi kwa miezi michache tu kwa mpiga picha wa mjini, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake. Mchana alipiga wateja. Jioni filamu ilibaki na fremu chache, na wateja walitaka picha zao kesho yake. Asingeweza kuisafisha filamu ambayo haijaisha bila kuzitupa fremu zile, basi akawa anazimalizia kwa kujipiga mwenyewe: suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni, miwani ya jua, mkono kiunoni. Baadhi ya picha hizo alimtumia bibi yake Nigeria, ili ajue kwamba mjukuu wake ni mzima na mambo yake yanakwenda.

Ukizitazama leo, utaona kwa nini zina nguvu. Mtoto ambaye hakuonekana anastahili gharama ya picha moja anasimama mbele ya pazia lake mwenyewe, na kila alichovaa kinamjibu mtu mmoja aliye mbali. Uso wenyewe umetulia tu. Hisia imo kwenye mkao, kwenye kiatu kilichosogezwa mbele kidogo kionekane, kwenye kidevu kilichoinuliwa. Picha hizo zilikaa karibu miaka 20 kabla hazijaonyeshwa Bamako mwaka 1994 na ulimwengu ukamjua. Mwaka 2008 alitoa mfululizo wa African Spirits, ambamo anajigeuza Nkrumah, Lumumba, Malcolm X, Angela Davis na wengine. Kazi hiyo ni kubwa na imesifiwa sana. Mimi bado naziona picha za ujana wake ndizo mwalimu bora wa mwanafunzi, kwa sababu zilipigwa bila mtaji wowote zaidi ya mabaki ya filamu.

Kwa hiyo kabla ya kushika kamera, andika kwenye daftari jina la mtu mmoja: mama, rafiki aliyehama, baba ambaye hamkuagana vizuri, au wewe mwenyewe utakapokuwa na miaka 60. Jina hilo litakuamulia mengi. Litakuamulia nguo, litakuamulia kama utazame lenzi au utazame kando, na litakuamulia kitu gani kiingie kwenye fremu. Zanele Muholi, mzaliwa wa Umlazi nchini Afrika Kusini, alijipiga picha mwaka 2015 akiwa amejipamba kichwani na masikioni kwa vibanio vya kuanikia nguo, akaipa jina la mama yake, Bester, aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba ya familia ya Wazungu kwa miaka zaidi ya 40. Vibanio vile havina maelezo pembeni, wala havihitaji. Hapo mwanafunzi ajifunze kwamba kitu kimoja chenye historia kinatosha. Ukijaza gitaa, maua, kitabu na paka, mtazamaji atahesabu vitu na kukusahau wewe.

Sasa tuje kwenye mwanga, na hapa sitakuwa na haraka.

Kamera haijui kwamba inachokiona ni uso. Inapima kiasi cha mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele yake, kisha inajitahidi kuleta wastani wa vyote kwenye kijivu cha kati. Mpige mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa shimo la giza. Mpige mtu huyo huyo uso ukiwa umejaa fremu nzima, nyuma yake mlango wa mninga: kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na ngozi inapauka kama iliyopakwa majivu. Mara zote mbili watu husema ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Si ngumu. Kipimo ndicho kilichokosewa. Hata enzi za filamu tatizo lilikuwa hapo hapo: kwa miongo kadhaa Kodak ilisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kurekebishia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zikajulikana kama kadi za Shirley, na rangi za wengine wote zikapimwa kwa ngozi yake.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini na ushikilie mpaka kipimo kifunge, kisha telezesha kidole kushusha au kupandisha mwanga mpaka ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Kanzu ikipoteza mikunjo michache, vumilia. Uso ndio wenye picha.

Baada ya hapo zima taa zote za chumbani, kaa hatua moja kutoka dirishani, asubuhi, jua likiwa halipigi moja kwa moja. Geuza kichwa taratibu mpaka kivuli cha pua kiungane na kivuli cha shavu, kikaacha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa giza. Mwanga huo unaitwa kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyeupenda, na hautaki kifaa chochote. Ukisogea kutoka hatua moja hadi mbili, dirisha likiwa dogo, nguvu ya mwanga hushuka hadi karibu robo, si nusu kama wengi wanavyodhani. Ndiyo maana sentimita chache dirishani hubadilisha picha kuliko programu yoyote ya kuhariri. Upande wa kivuli ukiwa mzito mno, simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga kidogo. Ukitaka kivuli kizidi, tundika buibui jeusi mahali pa manila. Wengi hawalijaribu hilo, na ndilo linaloipa picha uzito.

Ngozi nyeusi ina zawadi yake: inang'aa. Umbo la shavu, la paji na la bega huchorwa na mng'ao kuliko kivuli, kwa hiyo mafuta kidogo ya nazi na dirisha pana vitakuchongea uso vizuri kuliko fleshi ya simu, ambayo huupiga uso kutoka mbele na kuufanya bapa. Jua la saa sita mchana nalo liache. Hutia giza machoni. Hamia kwenye baraza au chini ya ukumbi.

Kuhusu vifaa sina mengi. Kamera ya mbele ya simu ina lenzi pana, na ukiishika kwa urefu wa mkono pua itakua na masikio yatarudi nyuma. Tumia kamera ya nyuma, iegemeze kwenye vitabu juu ya kigoda, umbali wa mita mbili, weka kipima muda sekunde 10, na uache kandambili sakafuni mahali utakaposimama. Robert Cornelius, fundi wa taa wa Philadelphia, alijipiga hivyo hivyo mwaka 1839: alifungua kifuniko cha lenzi, akaenda kusimama mbele yake, akatulia. Hakukaa hata katikati ya fremu, na picha yake ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za uso wa mwanadamu.

Jipige hivyo mara 30 kabla hujampiga mtu mwingine. Nasisitiza, kwa sababu kiti cha mpigwaji kina elimu yake. Utagundua kwamba hujui mikono uiweke wapi. Utagundua kwamba ukingoja sana uso huganda, na kwamba picha nzuri mara nyingi huja baada ya kudhani imekwisha, unaposhusha pumzi. Utakapomkalisha shangazi yako mbele ya dirisha lile lile, utampa kitu cha kushika, utazungumza naye, na hutamwambia tu "tabasamu". Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake. Muda wake aliutumia kabla ya kubonyeza, akimgeuza mteja, akimpangia mikono na nguo.

Na umuulize pia shangazi swali lile la mwanzo. Huku pwani wapo kina mama wanaokubali kupigwa wakiwa wamejipamba, nywele wazi, hina mikononi, kwa sharti kwamba picha ikae ndani ya albamu na ionwe na wanawake wenzao. Sharti hilo ni sehemu ya picha. Mwanafunzi anayelivunja kwa kuirusha mtandaoni amempora mtu kitu alichokabidhiwa, hata kama mwanga wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima, na mimi humnyima alama.

Mwaka 2014, wakati wa machafuko ya Bangui, nyumba ya Fosso iliporwa, na picha na negativu zake zikatapakaa nje. Waandishi wa habari waliopita pale waliokoa nyingi. Simu yako ikipotea, usitarajie mtu wa kukuokotea. Ukimaliza kazi hii, safisha nakala mbili kwenye karatasi. Andika nyuma tarehe na mahali, moja iweke nyumbani, na ya pili mpelekee yule uliyeandika jina lake kwenye daftari.