Mchanga wa mto Lena una ‘betri’ inayotaja umri wake

Ukichota mchanga kwenye ukingo wa mto Lena, Siberia, kwa macho huwezi kujua kama umekaa pale miaka 100 au 100,000. Kipimo cha kaboni nacho kina mipaka: kinahitaji mabaki ya mimea au wanyama, na kikifika miaka 50,000 hivi kinakwama.

Hapo ndipo inapoingia luminesensi, mbinu ambayo tangu 1985 hutumia mwanga kupima umri wa mchanga.

Inafanyaje kazi?

Chukulia chembe ya mchanga kama betri ya simu. Ikifukiwa, mionzi hafifu ya urani, thori na potasiamu iliyomo ardhini inaichaji kidogo kidogo. Ikipigwa na jua, chaji inaisha. Kwa madini ya kwatzi ni suala la sekunde au dakika tu.

Watafiti hupigilia bomba kwenye ukingo, wanaliziba lisiingie mwanga, kisha wanalifungua maabara chini ya taa nyekundu hafifu. Chembe zikimulikwa, nazo hutoa mwanga, na huo ndio unaoonyesha chaji iliyomo.

Hesabu ni rahisi: kama chembe imekusanya mionzi ya greyi 100, na ardhi ile hutoa greyi 2 kila miaka 1,000, basi ilifukiwa miaka 50,000 iliyopita.

Baridi inaharibu hesabu

Barafu ya mto inapovunjika, mafuriko huja na tope zito. Chembe nyingine hufukiwa kabla jua halijamaliza chaji ya zamani, hivyo huonekana za kale kuliko zilivyo. Dawa yake ni kupima chembe moja moja na kuzitegemea zenye chaji ndogo.

Barafu iliyo ndani ya udongo nayo huzuia sehemu ya mionzi. Isipohesabiwa, umri hutoka mdogo kuliko ukweli.

Kwa nini ni muhimu?

Ardhi iliyoganda ya kaskazini ina kaboni karibu mara mbili ya iliyoko angani. Wanasayansi wanataka kujua ipi ilistahimili joto kali la miaka 125,000 hivi iliyopita.

Tabaka la miaka 110,000 likisomwa kimakosa kuwa la 140,000, litaonekana lilivuka joto lile salama, kumbe wakati huo halikuwepo kabisa.