Njia moja, hatua za polepole: Bustani za makanisa zinavyopumzisha akili iliyochoka

Matanga yameanuliwa. Turubai limekunjwa, viti vya kukodi vimerudishwa, ndugu wamepanda mabasi. Kwa wengi, hapo ndipo msiba unapoanza hasa. Usingizi unakata saa nane usiku, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga. Mfiwa anakwenda hospitali, anapimwa presha, malaria na sukari, na majibu yote yanakuja safi. Lakini yeye mwenyewe anajua kuwa hayuko sawa.

Hali hiyo haiwapati wafiwa peke yao. Wapo waliopoteza kazi, walioachwa na wenzi wao, na wanaouguza wazazi mwaka wa tatu sasa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970, yaani mtu mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Mwenye huzuni ya kawaida anaweza asihesabiwe humo, lakini naye anahitaji mahali pa kupumulia.

Wiki hii tuangalie namna baadhi ya makanisa duniani yanavyotoa mahali hapo, na nini tunaweza kujifunza.

Labirinti ni nini?

Katika jiji la San Francisco, Marekani, nje ya Kanisa Kuu la Grace la Waepiskopali, ambao ni tawi la Waanglikana nchini humo, kuna mviringo mkubwa uliochorwa kwenye sakafu ya terazo. Ndani yake kuna njia inayozunguka na kurudi, kuzunguka na kurudi, hadi katikati. Mtu yeyote anaweza kuitembea, mchana au usiku, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini.

Mchoro huo huitwa labirinti. Usiuchanganye na ile michezo ya kutafuta njia ambayo mtu hupotea akagonga ukuta. Labirinti ina njia moja tu. Haina njia panda wala mwisho uliozibwa. Ukiendelea kutembea utafika katikati, na ukigeuka utatoka kwa njia ile ile uliyoingilia.

Mfano wake mkuu uko Ufaransa, katika Kanisa Kuu la Chartres. Labirinti ya humo ilijengwa kwa mawe sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13. Ina upana wa karibu mita 13 na mizunguko 11, na njia yake ina urefu wa zaidi ya mita 250.

Mwaka 1991, kasisi Lauren Artress wa Kanisa la Grace, ambaye pia ni mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia, alikwenda Chartres. Yeye na wenzake waliondoa viti vilivyokuwa vimefunika labirinti hiyo, wakaitembea. Mwisho wa mwaka huo kanisa lake likafungua kwa watu wote labirinti iliyochorwa kwenye turubai. Tangu hapo makanisa mengi, na hata baadhi ya hospitali, yametengeneza za kwao, mara nyingi katikati ya bustani yenye miti na benchi za kukalia.

Mwili unanufaikaje?

Mtu akiwa na msongo wa mawazo, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari mbele yake. Homoni za adrenalini na kotisoli huongezeka, mapigo ya moyo hupanda, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Hali hiyo ikidumu wiki na miezi, usingizi huharibika, tumbo husumbua na presha inaweza kupanda.

Kutembea taratibu huku ukivuta pumzi ndefu huamsha upande wa pili wa mfumo wa fahamu, ule unaotuliza moyo na misuli. Na kwa kuwa njia ni moja, akili haina cha kuamua. Aliyechoka kuamua kuhusu ada, kodi ya nyumba na dawa za mgonjwa hupata dakika 20 za kufuata njia tu.

Bustani nayo ina kazi yake. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo huko Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti waliruhusiwa mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Gregory Bratman walichapisha matokeo ya watu 38 waliotembea dakika 90. Waliotembea penye miti na nyasi walipungukiwa na tabia ya kurudia rudia mawazo mabaya kuhusu nafsi zao. Waliotembea kando ya barabara yenye magari mengi hawakupata nafuu hiyo.

Tuseme ukweli: hizi ni tafiti ndogo, na labirinti si dawa. Haiponyi sonona wala haishushi presha badala ya vidonge. Ni msaada, kama ulivyo usingizi mzuri na mazungumzo na rafiki.

Jinsi ya kuanza nyumbani

Huhitaji kanisa kuu wala fedha. Fanya hivi:

1. Tafuta eneo la mchanga au udongo lenye upana wa mita sita hivi. Uwanja wa kanisa, msikiti au shule unafaa, ukipata ruhusa.

2. Simamisha gogo la mviringo lenye unene wa sentimita 20. Funga kwake kamba ya mita tatu, izungushe yote, kisha funga kijiti kwenye ncha. Zunguka gogo ukichora huku kamba ikifunguka. Utapata mchoro kama wa konokono wenye njia ya kama mita 45. Ondoa gogo, kisha panga mawe au mwaga jivu juu ya mstari.

3. Kabla ya kuingia, simama. Vuta pumzi mara tatu. Zima simu.

4. Ingia polepole. Kama una jambo zito, libebe. Huna haja ya kulitatua.

5. Katikati, kaa utakavyo. Lia kama machozi yanakuja. Sali kama unasali. Kisha rudi kwa njia ile ile.

Mzee mwenye kizunguzungu atumie fimbo au atembee na mtu. Asiyeweza kutembea achorewe njia hiyo kwenye karatasi, aifuate kwa kidole.

Nenda hospitali ukiona haya

Usitegemee matembezi peke yake kama huzuni au kukosa hamu ya maisha kumedumu zaidi ya wiki mbili, huli, hulali, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au unatumia pombe ili usinzie. Ukipata mawazo ya kujiua, mwambie mtu leo hii na uende kituo cha afya mara moja. Maumivu ya kifua na kushindwa kupumua pia ni dharura, usiyaite mawazo. Na anayetumia dawa za presha au za akili asiziache bila daktari kumwambia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Majonzi nayo ni hivyo hivyo. Kama jirani yako alifiwa mwezi uliopita, mpitie jioni ya leo umwombe mtembee pamoja.