Maneno ya Kulea Mtoto Mchanga katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika milima ya Mbinga, ambako Wamatengo hulima kwa ngoro, yaani vishimo vilivyopangwa mtelemkoni ili maji ya mvua yasichukue udongo, ulezi ni nafaka. Na ulezi pia ni kazi ya mama na bibi. Kamusi huyaandika maneno hayo mbalimbali, na ni haki, kwa maana hapana hoja imara ya kuyatia katika mzizi mmoja. Hata hivyo msemaji wa kila siku huyasikia kuwa neno moja, na unga wa ulezi ukisongwa uji wa mtoto, maana hizo mbili hukutana katika sufuria moja.

Ulezi wa mtoto watokana na kitenzi lea. Mzizi wa kitenzi hicho umepoteza konsonanti yake ya mwisho, kama ilivyopotea katika zaa, kwea na tembea. Lakini mbele ya irabu -i ya mtendaji konsonanti hiyo iligeuka z, nayo ikasalia: mlezi, mzazi, mkwezi, mtembezi. Ng'ambo ya ziwa, Kichewa cha Malawi kingali chaitamka waziwazi: kulera. Huko neno hilo limepanuka hata likawa jina la kupanga uzazi, jambo ambalo Kiswahili hulitaja kwa maneno mapya kabisa, uzazi wa mpango. Tofauti hiyo si ndogo. Msemaji wa Kichewa asikiapo kulera aweza kufahamu kwamba kuachanisha uzazi ni sehemu ya kumtunza mtoto aliye mgongoni. Msemaji wa Kiswahili asikia mpango, neno lenye harufu ya ofisi.

Kitambaa cha kumbebea mtoto nacho kina historia yake. Kitenzi ni eleka, ambacho zamani kilianza kwa b. B hiyo ikadondoka, kama ilivyodondoka katika ona, isipokuwa pale ilipokingwa na m iliyoitangulia. Kwa hiyo mbeleko imehifadhi kile ambacho kitenzi chake kimekisahau, na Kichewa husema bereka, kwa maana ya kubeba mgongoni na ya kuzaa pia. Leo khanga au kitenge ndicho kifanyacho kazi hiyo. Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapoishika milima ya Umatengo, mtoto aliyefungwa barabara mgongoni hupata joto la mwili wa mamaye. (Katika siasa na michezo kubebwa kwa mbeleko ni lawama, kwa mtoto wa miezi mitatu ni haki yake.)

Nyumbani, mama wa milimani husema Kimatengo. Mwamboni, tangu Lituhi hata Mbamba Bay, husikika Kimanda, Kimpoto na Kinyasa. Guthrie aliziweka Kimanda, Kingoni, Kimatengo na Kimpoto katika kundi moja la N10. Wamisionari wa UMCA, walioanza kazi katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, walileta pia Kinyanja cha vitabuni. William Percival Johnson, aliyetafsiri Biblia kwa lugha hiyo, alifariki Liuli mwaka 1928. Lakini kliniki, iwe ya Wilaya ya Mbinga au ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, husema Kiswahili. Ratiba ya chanjo, tangu ile ya kifua kikuu mtoto azaliwapo, kupitia wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hata ile ya surua katika mwezi wa 9, huelezwa kwa Kiswahili. Ndiyo kusema mama aweza kupokea mashauri ya mwaka mzima kwa lugha yake ya pili, na si ajabu muuguzi naye awe ametoka mkoa mwingine mwenye lugha nyingine.

Hapo ndipo neno dogo laweza kuleta hasara kubwa. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtoto anyonye tu mpaka atimize miezi 6. Kabla ya hapo shauri lilikuwa miezi 4 hadi 6. Shauri hilo likifikishwa kwa maneno "usimpe mtoto chakula," sentensi ni sahihi kwa sarufi, lakini milango miwili imeachwa wazi. Wa kwanza ni wa maji, kwa sababu maji si chakula. Wa pili ni wa uji, kwa sababu katika Kiswahili uji hauliwi, hunywewa. Mama ampaye mtoto wa miezi miwili kijiko cha uji mwepesi hajavunja amri aliyopewa: mtoto hajala kitu. Kule mwamboni jambo hili lina uzito zaidi, maana maji yatekwayo ziwani yasipochemshwa huleta kuhara, na kitoto kichanga hukauka mwili upesi. Utosi ukibonyea, hali imekwisha kuwa ya hatari.

Wengine husema "maziwa ya mama pekee." Haya ni maneno bora kidogo, walakini pekee yaweza kusikika kuwa imekataza maziwa mengine tu, ya ng'ombe au ya kopo. Kauli iliyo salama ni ile isiyotegemea jina lolote la chakula: asionje kitu kingine, hata maji, ila dawa aliyoandikiwa. Si ya kitaalamu, lakini haina mlango.

Kuhusu maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, kamusi zina neno zuri, dang'a. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki maziwa hayo yalimwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu, ilhali ndiyo yampayo mtoto kinga ya mwanzo. Dang'a ni neno lililo jirani zaidi na zizi la ng'ombe kuliko chumba cha uzazi, na wauguzi wengi hupendelea kusema maziwa ya mwanzo. Wana sababu.

Neno kulikiza ladai uangalifu mwingine. Maana yake ni kumwachisha mtoto ziwa, nalo ni ndugu wa likizo, ile mapumziko ya mtumishi. Vitabu vya afya vya zamani vilizoea kusema vyakula vya kulikizia kwa chakula kianzwacho kando ya ziwa. Jina hilo lilitia fikira ya mwisho mahali palipohitaji fikira ya nyongeza. Mtoto wa miezi 6 haachi kunyonya, bali huendelea hata miaka 2 au zaidi. Chakula cha nyongeza, kama kisemwavyo siku hizi, ni jina la kweli zaidi. Milimani nyongeza hiyo yaweza kuwa uji wa mahindi au wa ulezi uliotiwa karanga au maharage yaliyopondwa. Mwamboni, ambako muhogo ni chakula kikuu na una upungufu mkubwa wa protini, dagaa wa ziwa waliokaushwa na kusagwa ndio wanaouokoa uji.

Limesalia neno zito kuliko yote, degedege. Kamusi hulipa maana mbili, mdudu mkubwa arukaye kama nondo, na mshtuko wa mwili umpatao mtoto. Na sikio husikia ndani yake dege, yaani ndege mkubwa. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuihesabu degedege kuwa homa, bali jambo la shetani ajaye kwa umbo la ndege, na kwa hiyo tiba ilitafutwa kwanza kwa mganga. Aghalabu chanzo ni malaria kali. Mwambao wa Nyasa, ulio kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, una mbu wengi kuliko milima iliyo juu yake. Muuguzi aulizapo "Mtoto ana homa?" na mama akajibu "Hana, ana degedege," hakuna aliyesema uongo, lakini mazungumzo yameshindwa. Swali lifaalo ni la mwili, si la jina la ugonjwa: amekuwa wa moto tangu lini, ananyonya, alishtuka mara ngapi?