Maji na Kuni katika Kaya za Wakulima Wadogo wa Simiyu

Katika kaya nyingi za wakulima wadogo mkoani Simiyu, maji na kuni hufika nyumbani kwa kubebwa, na mbebaji mara nyingi ni mama au binti. Mkoa huu uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi, hupata mvua haba zisizotabirika. Mto Simiyu hufurika masika, kisha kiangazi hubaki mchanga. Hapo watu huchimba visima vifupi katika mchanga huo, au hugombea malambo na mifugo.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi meta 400 kutoka nyumbani. Kwa kaya ya watu saba hizo ni lita 175, takribani ndoo tisa za lita 20. Mtu mmoja akizibeba zote kichwani, hata pale kiwango kilipotimizwa, anaweza kutembea zaidi ya kilomita saba kwenda na kurudi. Sera hiyo ilipima lita na umbali wa bomba. Idadi ya safari haikuwamo.

Mchotaji hubadilika kinapopatikana chombo. Maji yakibebwa kwa madumu juu ya baiskeli au kwa mkokoteni wa ng'ombe, hasa ya kuuza au ya kufyatulia matofali, kazi huwa ya wanaume na vijana. Baiskeli na ng'ombe ni mali ya baba, na akivitumia kwa safari nyingine, ndoo hurudi kichwani kwa mama. Pampu ya bustani hufuata mkondo huohuo: anayeimiliki ndiye anayeamua maji yaende kwenye nyanya za sokoni au mchicha wa nyumbani.

Habari ya kuni ina historia ndefu zaidi. Misitu ya Usukuma, ambako Simiyu imo, ilifyekwa kufukuza mbung'o na kupisha pamba, na uhamisho wa watu katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 uliwatenga wengi na ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 wakati maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yakiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ulisaidia kuzifufua. Miti iliporudi, kuni zilisogea karibu. Hata hivyo ngitili ni ya malisho kwanza, na kauli juu yake ni ya mwenye ng'ombe. Anayeokota kuni humo huokota kwa ridhaa yake.

Pasipo na miti hutumika mabua ya pamba. Kanuni za kilimo cha pamba hutaka masalia yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu, na jiko la mafiga hutimiza agizo hilo vizuri kuliko afisa yeyote. Kinyesi cha ng'ombe nacho huwashwa, lakini kila kinachoungua ni mbolea iliyopotea shambani.

Uhaba wa kuni huonekana pia chunguni. Makande huhitaji saa nyingi za moto, kwa hiyo hupikwa kwa nadra. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, hukaushwa na jua bila kuni yoyote. Matobolwa, ambayo nayo ni viazi vikavu, huchemshwa kwanza.

Nishati iliyowapunguzia wanawake kazi kuliko nyingine zote pengine ni ile ya mashine ya kusaga, iliyoondoa jiwe na kinu. Umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ambao kuunganishiwa kijijini kuliwekewa ada ya shilingi 27,000, umeleta taa na chaji ya simu. Jikoni bado haujaingia sana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kikwazo cha Simiyu ni kalenda: pamba huuzwa kwa msimu mmoja na fedha hupokelewa na mkuu wa kaya, ilhali mtungi wa gesi huhitaji kujazwa mwaka mzima.

Kwa upande wa maji, sheria ya mwaka 2019 iliunda wakala wa maji vijijini, RUWASA, na kuweka skimu za vijijini chini ya vyombo vya watumia maji. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi mkubwa, kupitia benki ya KfW ya Ujerumani, wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kupitia Busega hadi Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Maji ya bomba hulipiwa. Ankara ya bomba la nyumbani hutoka kwa jina la mwenye nyumba. Ndoo ya kioskini hulipwa papo hapo na aliyekwenda kuchota, mara nyingi kwa fedha za karanga, viazi au mboga alizouza mwenyewe.