Si pombe pekee inayojaza ini mafuta

Ukimwambia mkazi wa Kitale au Bungoma kwamba jirani anaugua ini, huenda akauliza, "Kwani alikuwa akilewa?" Kumbe jirani hajaonja hata tone. Chakula nacho hujaza ini mafuta.

Wanyama wametusaidia kulielewa jambo hili. Huko Ufaransa, bata bukini hushindiliwa mahindi, zao lile lile linaloipa Kitale sifa, kwa majuma mawili au matatu. Wanga wa ziada hugeuka mafuta, na ini huwa kubwa mara kadhaa. Panya wa maabara nao, wakinyweshwa maji yenye sukari nyingi kama hii tunayoipata kwa miwa ya Bungoma, maini yao hujaa mafuta.

Upungufu pia ni hatari. Mwaka 1932, Charles Best na wenzake mjini Toronto, Kanada, waligundua kwamba lesithini, iliyomo kwenye kiini cha yai, iliyakinga maini ya panya waliolishwa mafuta mengi. Baadaye ikabainika siri ilikuwa kolini, kirutubishi kinachosaidia ini kuyaondoa mafuta.

Hata hivyo, panya si mtu. Akinyimwa kolini na methionini hukonda, ilhali wagonjwa wengi ni wanene au wana kisukari. Ndiyo maana watafiti hujaribu lishe za namna nyingi.

Je, tuache ugali? La! Tupunguze soda na sukari ya chai, tuongeze sukuma wiki na maharagwe, tena tutembee. Mwenye kisukari au kitambi amwone daktari mapema, kwani ini hili mara nyingi huharibika kimya kimya.