VIJIJI VIDOGO, MIPAKA MIKUBWA

Katika ramani, mpaka wa nchi ni mstari mwembamba. Mstari huo hauonyeshi kisima ambako akina mama huchota maji, wala kaburi la babu, wala njia ya ng'ombe waendao malishoni. Askari au polisi apelekwaye kulinda mpaka hufika na ramani mkononi, lakini mwanakijiji amkutaye pale ana kisima, ana kaburi na ana njia. Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, yafaa leo tuvitazame vijiji vichache vidogo vya ulimwengu ambavyo mipaka ya mataifa imepita katikati yake au kuvizunguka, tujue wenyeji wake wameishi vipi, na wale waliokabidhiwa ulinzi wa mipaka hiyo wameifanya kazi yao kwa namna gani.

KIJIJI CHENYE MAMEYA WAWILI

Kijiji cha Baarle kipo kusini mwa Uholanzi, kilometa chache tu kutoka Ubelgiji. Mnamo mwaka 1198 hivi, mtawala wa Brabant na bwana wa Breda waligawana ardhi ya mahali hapo, huyu akichukua shamba hili na yule akichukua lile. Mgawanyo huo wa mabwana wawili ulidumu kwa karne nyingi, hata mwishowe ukageuka kuwa mpaka wa mataifa mawili. Mwaka 1843, mataifa hayo yalipokuwa yakiweka mipaka yao, wapimaji walishindwa kuchora mstari mmoja mahali hapo, ikabidi waorodheshe viwanja kimoja kimoja, vyote 5,732, na kusema kila kimoja ni cha nani.

Matokeo yake ni kwamba hadi leo kuna vipande 22 vya ardhi ya Ubelgiji vilivyozungukwa na Uholanzi, na ndani ya vipande hivyo hivyo kuna vipande 7 vya Uholanzi vilivyozungukwa na Ubelgiji. Misalaba myeupe imechorwa barabarani kuonyesha mpaka unapopita. Nyumba nyingine zimekatwa katikati, na desturi ya huko ni kwamba nyumba huhesabiwa kuwa ya nchi ile ambako mlango wake wa mbele umeelekea. Kijiji kina mameya wawili, mabaraza mawili na polisi wa nchi mbili, na kila upande hufuata sheria zake.

Jambo la kuzingatiwa na kila askari ni lile lililotokea katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Ujerumani yaliteka karibu Ubelgiji yote, lakini hayakuweza kuingia katika vipande vya Ubelgiji vilivyomo Baarle, kwa kuwa kuvifikia kulitaka kupita katika ardhi ya Uholanzi, nayo Uholanzi haikuwa upande wowote katika vita hivyo. Hivyo kijiji kidogo kikabaki huru, na mwaka 1915 Wabelgiji wakajenga humo mtambo wa redio. Baadaye, ubishi juu ya viwanja viwili ulipozidi, mataifa hayo hayakutoleana silaha. Yaliupeleka ubishi huo mbele ya Mahakama ya Kimataifa, nayo mwaka 1959 ikatoa hukumu kwamba viwanja hivyo ni vya Ubelgiji.

IDADI YA POLISI KATIKA MKATABA

Huko kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Rhine, kipo kijiji cha Büsingen chenye watu wapatao 1,500. Ni kijiji cha Ujerumani, lakini kimezungukwa pande zote na Uswisi. Ukanda unaokitenga na nchi yake mama, mahali ulipo mwembamba zaidi, haufiki kilometa moja.

Chanzo chake ni kisa cha mwaka 1693. Mwenye mamlaka wa kijiji hicho alitekwa kutokana na ugomvi wa kifamilia, akapelekwa Austria na kuhukumiwa. Watu wa mji jirani wa Schaffhausen walipofanya juhudi kubwa ili afunguliwe, watawala wa Austria walikasirika wakaapa kwamba kijiji hicho kamwe hakitakuwa chao. Hasira hiyo ya wakubwa ikaamua maisha ya wadogo kwa zaidi ya miaka mia tatu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanakijiji walipiga kura, na watu 96 katika kila 100 wakataka kujiunga na Uswisi. Hata hivyo ombi lao halikutimizwa, maana Uswisi haikuwa na ardhi ya kufaa kuitoa badala yake.

Mkataba kati ya nchi hizo mbili ulitiwa sahihi mwaka 1964 na kuanza kutumika mwaka 1967. Ndani yake limo jambo ambalo wasomaji wetu wengi hawatakosa kulipenda: idadi ya polisi imeandikwa. Ujerumani haina ruhusa ya kuweka zaidi ya polisi watatu kwa kila wakazi mia moja, na polisi wa Uswisi, ambao nao wanaweza kumkamata mhalifu humo, wasizidi kumi kwa wakati mmoja. Kila polisi aingiapo Büsingen anajua mamlaka yake yanaanzia wapi na yanakomea wapi. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa mpakani unapozuiliwa kabla haujaanza.

MAHALI PASIPO NA POLISI

Tukitoka Ulaya na kwenda Asia, twakuta habari yenye uchungu zaidi. Katika mpaka wa India na Bangladesh kulikuwa na vipande 162 vya ardhi, 111 vya India vikiwa ndani ya Bangladesh na 51 vya Bangladesh vikiwa ndani ya India. Wenyeji husimulia kwamba wafalme wa zamani walikuwa wakiwekeana vijiji dau katika mchezo wa sataranji. Hiyo ni ngano tu, lakini ukweli wenyewe haukuwa mwepesi kuaminika kuliko ngano hiyo. Kulikuwa na shamba moja la juti, jina lake Dahala Khagrabari, lililokuwa la India, ndani ya kijiji cha Bangladesh, ndani ya ardhi ya India, ndani ya Bangladesh.

Zaidi ya watu 50,000 waliishi katika vipande hivyo. Kwa sheria walikuwa raia wa nchi ambayo hawakuweza kuifikia, maana ili kwenda huko iliwapasa kwanza kuvuka nchi ya kigeni, na hati za kuvukia zilitolewa upande wa pili. Serikali yao haikuweza kuwapelekea shule, hospitali wala umeme. Serikali iliyowazunguka haikuwahesabu kuwa watu wake. Mtu alipoibiwa au kupigwa hakuwa na kituo cha kushtaki, kwa kuwa polisi wa nchi yake hawakuweza kufika, na polisi waliokuwa karibu hawakuwa na mamlaka. Mzazi aliyetaka mwanawe asome alilazimika kutafuta mtu wa nchi ya pili wa kumwandikisha mtoto kwa jina lake.

Wako watu wadhanio kwamba pasipo na polisi ndipo penye uhuru. Wenyeji wa vijiji hivyo walijua kinyume chake. Pasipo na sheria, mnyonge huwa mali ya mwenye nguvu.

Mkataba wa kumaliza tatizo hilo ulitiwa sahihi mwaka 1974 na Waziri Mkuu Indira Gandhi wa India na Waziri Mkuu Mujibur Rahman wa Bangladesh. Hata hivyo miaka 41 ilipita kabla haujatekelezwa. Usiku wa manane wa tarehe 31 Julai 1915 haukuwa, wala 1947. Ulikuwa ule wa mwaka 2015, ndipo vipande hivyo vilipobadilishana wenyewe. Kila mkazi aliulizwa achague uraia wake. Walio wengi kabisa walichagua kubaki katika nyumba zao, na wasiofika elfu moja ndio waliohama kwenda India. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuishi, kulalamika na kupiga kura mahali pale pale alipozaliwa.

UKUTA KATIKA KIJIJI CHA WATU HAMSINI

Wengi wamesikia habari za ukuta wa Berlin. Wachache wamesikia habari za Mödlareuth, kijiji cha Ujerumani chenye watu wapatao 50 tu. Katikati yake unapita mto mdogo uitwao Tannbach, ambao mtu mzima aweza kuuruka. Tangu mwaka 1810 mto huo ulikuwa mpaka wa tawala mbili, lakini watu waliuvuka kwenda shuleni, kanisani na kilabuni bila ya kuulizwa neno. Mwaka 1949, Ujerumani ilipogawanyika kuwa dola mbili, mto huo ukawa mpaka wa kambi mbili za ulimwengu.

Mwaka 1952 ukajengwa uzio wa mbao. Mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa zege wenye urefu wa mita 700 na kimo cha zaidi ya mita tatu. Upande wa mashariki haukuweza kutembelewa ila kwa kibali maalumu, na wakazi wake walikatazwa hata kuwapungia mkono jamaa zao wa upande wa pili. Ndugu waliotengana kwa hatua kumi waliishi kama waliotenganishwa na bahari. Askari wa Kimarekani waliofika hapo walikiita kijiji hicho Berlin Ndogo.

Njia ya kupita kwa miguu ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1989, mwezi mmoja baada ya Berlin, na tarehe 17 Juni 1990 ukuta ukabomolewa. Sehemu yake imebakizwa iwe makumbusho. Kijiji hicho hadi leo kimo katika majimbo mawili, lakini mpaka huo sasa haumzuii mtu kumwamkia jirani yake.

VIJIJI VINAVYOTAZAMANA

Kwingineko saa hiyo haijafika. Vita vya Korea vilisimamishwa kwa mapatano ya tarehe 27 Julai 1953, na ukanda wenye upana wa kilometa nne ukatengwa kati ya majeshi mawili. Ndani ya ukanda huo, upande wa kusini, kijiji kilichoruhusiwa kubaki na watu ni kimoja tu, Daeseong-dong. Upande wa kaskazini kipo Kijong-dong, kinachoonekana kwa macho kutoka kijiji cha kwanza.

Wakulima wa Daeseong-dong hawalipi kodi wala vijana wao hawaandikishwi jeshini. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Usiku hawaruhusiwi kutoka nje, huhesabiwa nyumba kwa nyumba, na huenda mashambani chini ya ulinzi wa askari. Katika miaka ya 1980 kusini walisimamisha mlingoti wa bendera wenye kimo cha karibu mita 100, na kaskazini wakajibu kwa mlingoti wa mita 160. Mwaka 2024 pande zote mbili zilirushiana kelele za vipaza sauti hata wanavijiji wa mpakani wakakosa usingizi, mpaka zilipozimwa mwezi Juni 2025. Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo ziumiazo.

NA HAPA KWETU

Mambo haya si mageni Afrika Mashariki. Baada ya Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 hadi 1885, mipaka yetu ilichorwa na watu ambao wengi wao hawakuiona nchi waliyoichora. Wasamia wako Uganda na wako Kenya. Wateso vivyo hivyo. Mwezi Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Cairo, waliamua kwamba mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru iheshimiwe, si kwa kuwa ilikuwa ya haki, bali kwa kuwa kuibomoa kungeleta vita visivyo na mwisho.

Katika Ziwa Victoria, kisiwa cha Migingo, ambacho ni mwamba usiofika nusu ya uwanja wa mpira, kilizusha mzozo kati ya Kenya na Uganda mwaka 2008 na 2009. Hata hivyo nchi hizo hazikupigana, ziliwatuma wapimaji. Kadhalika, huko Mutukula mwaka 2017 na Busia mwaka 2018 vilizinduliwa vituo vya pamoja, ambako maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja na msafiri hukaguliwa mara moja tu.

Tukivitazama vijiji hivi vyote, twaona kwamba mpaka wenye amani si ule wenye ukuta mrefu kuliko yote. Ni ule ambao makubaliano yake yameandikwa, na mlinzi wake anayajua na kuyafuata. Mwanakijiji wa mpakani hamwoni Rais wala Waziri. Aghalabu dola yote anayoifahamu ni yule askari mmoja aliyesimama njiani. Akionewa na askari huyo, ameonewa na nchi nzima. Akitendewa haki, nchi nzima imemtendea haki.

JE, WAJUA?

Mpaka mrefu kuliko yote kati ya nchi mbili ni ule wa Canada na Marekani, wenye urefu wa kilometa 8,891.

Kati ya Stanstead nchini Canada na Derby Line nchini Marekani ipo maktaba iliyofunguliwa mwaka 1904, na mstari wa mpaka umechorwa sakafuni mwake.

Kijiji kilicho mbali na watu wengine kuliko vyote kipo katika kisiwa cha Tristan da Cunha, Bahari ya Atlantiki. Wakazi wake walihamishwa mwaka 1961 mlima wa moto ulipolipuka, na mwaka 1963 wengi wao wakarudi kwa hiari yao.

Kisiwa kidogo cha Faisans, katika mto Bidasoa, hutawaliwa na Hispania kwa miezi sita na Ufaransa kwa miezi sita, kila mwaka. Hakuna mtu aishiye humo, na makabidhiano hayo hufanyika bila ya risasi hata moja.